Kinyonga wa Makongeni na Jawabu Letu la Haraka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vinavyokwenda kwa miguu na vinavyotambaa kwa matumbo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, huenda baadhi yenu mtakapoona kichwa cha maneno haya mkacheka, mkasema: Je, Sheikh amekosa la kuandika hata atuletee khabari za kinyonga? Twawaomba mstahimili, msome mpaka mwisho. Sisi tuna deni. Tulimjibu mtoto mmoja jawabu lisilokuwa la haki, tena tulilisema mbele za watu. Na neno lililosemwa hadharani halirejeshwi kwa siri.

Katika mwezi wa Julai mwaka 2019 tulikwenda Nairobi kuwazuru jamaa zetu waliokuwa wakikaa Makongeni, kandokando ya barabara ya Jogoo, katika mtaa uliojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Babu yao alitoka Mombasa akaifuata kazi ya reli, na wajukuu wakabaki palepale. Julai huko bara ni mwezi wa baridi. Jua huchelewa kutoka, na likitoka halina nguvu.

Baada ya sala ya Magharibi tulikaa chumbani tukasoma darsa, wazee na vijana. Tulipofika kwenye maswali, mtoto mmoja wa nyumba ile, umri wake yapata miaka kumi, akanyosha mkono akasema: "Sheikh, nina kinyonga wangu, ni mgonjwa. Nimfanyie dawa gani?" Watu wakacheka. Mtoto hakucheka. Aliingia uvunguni mwa kitanda akatoa sanduku la karatasi, akalifungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na kinyonga wa kijani, mwenye pembe tatu usoni, wa aina ile ipatikanayo katika nyanda za juu za Kenya. Macho yake yalikuwa yamedidimia, naye amelala ubavu, hana nguvu ya kushika kijiti. Kando yake palikuwa na tonge ya ugali, na kifuniko cha chupa kilichotiwa maji.

Bibi yake, mtu mzima wa Mombasa, akasema: "Sheikh wangu, mwambie huyu mtoto akitupe kitu hicho. Huyo ni mjusi kafiri, ndiye aliyevuvia moto wa Nabii Ibrahim. Kumwua kuna thawabu, na yeye ataka kumwuguza!" Na jirani mmoja akaongeza kwamba kinyonga ni nuksi, kwa kuwa wazee wa kwao husimulia kwamba yeye ndiye aliyetumwa kwa wanadamu na khabari ya uzima, akachelewa njiani, basi watu wakawa wafa.

Na sisi tulikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya Isha. Tukasema: "Mwanangu, bibi yako amesema kweli. Mtoe nje, kisha ushike msahafu wako. Hayo hayana faida." Mtoto akainama, akafunika sanduku lake, akatoka nalo.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Tulijiuliza: Je, tuliyoyasema tumeyasoma wapi? Asubuhi tukavifungua vitabu vya mwenyeji wetu, na tukaona wazi kuwa tumekosa. Hadithi iliyopokewa na Bibi Ummu Sharik (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, yataja mnyama aitwaye kwa Kiarabu wazagh. Huyo ni yule mjusi wa ukutani, ambaye watu wetu wa pwani wamempa jina la mjusi kafiri kwa sababu ya hadithi hiyohiyo. Kinyonga ana jina lake mbali: Waarabu humwita hirbaa. Mwanachuoni Damiri, aliyekufa mwaka 808 wa Hijra, alipoandika kitabu chake kikubwa cha khabari za wanyama, alimpa hirbaa mlango wake na wazagh mlango wake. Basi ni dhulma iliyoje kuchukua hukumu ya mmoja tukamtwika mwingine kwa sababu tu wote wawili wana mkia na miguu minne! Kadhi angefanya hivyo kwa watu wawili kwa kuwa wamefanana nguo, tungemwambiaje?

Ama habari ya nuksi, hilo halihitaji maneno mengi. Mtume (S.A.W.) amekanusha itikadi ya nuksi na kisirani katika hadithi zilizo sahihi. Mauti hayakuja kwa sababu ya mjumbe aliyechelewa. Kila nafsi ina ajali yake iliyokadiriwa na Muumba wake. Muislamu anayesoma kila siku kwamba Mungu ni Mmoja, kisha akamwogopa kinyonga akatizaye njia, na ajiulize tauhidi yake imefika mpaka wapi.

Tulirudi Makongeni kabla ya Adhuhuri. Tulipomwuliza mtoto kinyonga yuko wapi, alisema amemtupa. Lakini macho yake yalikuwa yakitazama kikapu kilichokuwa nyuma ya mlango. Baadaye ndipo tulipojua: usiku alimweka kwenye ua wa nje kama tulivyomwamrisha, na alfajiri alikwenda akamkuta ameanguka chini, amekuwa mweusi kwa baridi, akamwokota akamficha. Enyi ndugu, litazameni jambo hili. Mtoto wa Kiislamu aliificha rehema yake kwa kumwogopa mwanachuoni. Hatukumbuki siku tuliyoona haya kama siku ile.

Tukamwita bibi na wote waliokuwako, tukawaambia: "Jana tulikosa. Jawabu letu tunalirejesha." Kisha tukampigia simu mtu mmoja aliyesomea utabibu wa wanyama, akatueleza mambo ambayo twayaandika hapa ili yawafae wengine.

Alisema macho yaliyodidimia ni dalili ya kiu. Kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia katika chombo. Yeye hunywa matone yanayoning'inia juu ya majani, kama umande. Basi maji yale ya kifunikoni yalikuwa kama hayapo, na mnyama alikuwa akifa kwa kiu na maji yako kando yake. Tena hali ugali wala mkate; chakula chake ni wadudu walio hai, kama panzi na nzi, ambao huwadaka kwa ulimi. Na aliyekaukiwa namna ile hupewa maji kwanza, chakula baadaye. Tena hahitaji kushikwashikwa, kwani mkono wa mtu humtia khofu. Huwekewa kijiti akapanda mwenyewe. Na jambo kubwa kuliko yote ni jua. Akikosa jua, mifupa yake hulegea, viungo vikapinda, hata asiweze kushika tawi. Wala chakula pekee hakimponyi maradhi hayo.

Hapo tulikumbuka kwamba Waarabu wa zamani walimjua hirbaa kwa sifa hiyohiyo: hulielekea jua, likigeuka naye hugeuka nalo. Na mtoto wetu, kwa mapenzi yake, alimweka uvunguni mwa kitanda ili asiibwe. Alimpenda, na kwa kutojua alimfunga gizani.

Hapa pana funzo kwetu sote. Wote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumpa chakula wala hakumwacha akajitafutia. Sisi huidhania hadithi hiyo ni ya watu wakatili. Lakini mwenye kufunga mnyama asiyejua chakula chake yuko karibu na mlango ule ule, hata akiwa na mapenzi. Na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani hukisoma kwa masheikh wao, ameeleza kwamba mwenye mnyama ni wajibu juu yake kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Basi kujua anachokula mnyama uliye naye ni katika kutimiza wajibu.

Mtoto alianza kazi. Alilitoa sanduku uvunguni, akachomeka tawi lenye majani katika mkebe wa mchanga, akaliweka mahali palipo na jua na kivuli. Asubuhi na jioni alitia maji katika chupa iliyotobolewa kifuniko, akayadondosha juu ya majani. Siku ya pili kinyonga akafungua kinywa, akanywa. Bibi yake, yule yule aliyetaka atupwe, ndiye aliyetuletea khabari kwa simu, na sauti yake ilikuwa na furaha. Tuliagana kwamba akipona atarudishwa katika mti ule ule alikotolewa, kwani Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa mwituni pasipo kibali, na tena mahali pake ni mtini.

Hakupona. Siku ya sita alikufa. Mtoto akatupigia simu akauliza: "Sheikh, kwa kuwa amekufa, nimepata thawabu au taabu yangu imepotea?"

Safari hii hatukujibu kwa haraka. Tulimsimulia khabari ya yule mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akaishika kwa meno, akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru akamghufiria. Tukamwuliza: "Je, umesikia katika hadithi hiyo kwamba mbwa yule aliishi?" Akanyamaza, kisha akasema: "La, sikusikia." Tukamwambia: "Nasi hatukusikia. Mtume (S.A.W.) alitupa khabari ya maji na rehema na msamaha, na khabari ya mbwa baada ya hapo hakutupa. Uhai wa kinyonga wako haukuwa mkononi mwako. Mkononi mwako mlikuwa na yale matone, nawe uliyatoa."

Tukamsimulia pia khabari ya Abu Umair, mtoto mdogo aliyekuwa na kijindege chake. Mtume (S.A.W.), aliyebeba kazi ya umma mzima, alimwuliza mtoto huyo kijindege kimefanyaje, na katika baadhi ya riwaya ni kwamba kilikuwa kimekufa, na mtoto ana huzuni. Basi Mtume wetu alipata wasaa wa huzuni ya mtoto, na sisi tulikosa wasaa kwa sababu ya kumaliza darsa!

Wala mtu asidhani kwamba jambo hili ni la nyumba moja ya Makongeni. Vinyonga hao wa pembe tatu wamewahi kusafirishwa kutoka Kenya kwenda nchi za mbali kuuzwa kama vitu vya kupambia nyumba, mpaka serikali ikaizuia biashara hiyo mwaka 1981. Mwaka 1972 mwenye duka mmoja katika visiwa vya Hawaii aliletewa makumi kadhaa kutoka Kenya. Walifika wamekonda, wamekaukiwa na maji. Yeye akawaachia katika bustani yake wapate nafuu, nao wakapona, wakatoka, wakazaana, na mpaka leo wanakula konokono na wadudu wa asili wa visiwa vile ambao hawapatikani pengine duniani. Yule aliwahurumia, lakini hakuifikiri kesho ya huruma yake. Kumwachia mnyama mahali pasipo pake ni kuwadhulumu wengine.

Basi, ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwingineko, huku kwetu pia wako vinyonga, na watoto wetu huwapiga mawe, wengine huwatia tumbaku kinywani ili wawatazame wakilewa na kuhangaika. Twakiri kwamba sisi wenyewe tulifanya hivyo utotoni, na hapana mkubwa hata mmoja aliyetukataza. Kinyonga hana sumu, hana nuksi, wala hana deni na Nabii Ibrahim (A.S.). Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba wanyama ni umati mfano wetu. Wakatazeni watoto kuwatesa, na wakatazeni kuwafunga. Mkimwona amekaa mtini, mwacheni na jua lake. Na mkimkuta mgonjwa au amejeruhiwa, muulizeni daktari wa wanyama, au wapeni khabari watu wa Shirika la Huduma za Wanyamapori.

Na nyinyi, ndugu zetu maalimu na makhatibu, nasaha yetu kwenu ndiyo nasaha yetu kwa nafsi zetu: mtoto akiuliza, msimtazame udogo wa swali lake. Kusema "ngoja nikatazame" hakumpunguzii mwanachuoni heshima. Jawabu la haraka lilimlaza mnyama nje usiku mzima katika baridi, na lilikaribia kumfundisha mtoto kwamba dini ni kitu cha kufichwa rehema.

Ewe Mola, tughufirie tuliyoyasema bila ya elimu, utupe elimu yenye rehema na rehema yenye elimu, na uwape watoto wetu nyoyo laini kuliko zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.