Kumpenda Mungu na Kuchukia Uovu: Funzo la Frere Town

Maandiko ya Kikristo hayatenganishi kumpenda Mungu na kuchukia uovu. Zaburi ya 97 huwataka wampendao Bwana wauchukie uovu. Naye Paulo, katika Warumi 12, huitaja chuki hiyo pamoja na upendo usio na unafiki. Suala la kimaadili linalozuka ni hili: uovu unaopaswa kuchukiwa ni wa nani, na chuki hiyo ikome wapi?

Suala hili liliwahi kujaribiwa Kisauni. Frere Town ilianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 ili kuwapokea watumwa waliokombolewa. James Mbotela anawasimulia watu hao katika Uhuru wa Watumwa (1934). Wahakiki wameishutumu kazi hiyo kwa kuwatukuza Waingereza na kuwachora Waarabu kuwa ndio waovu. Shutuma hiyo ina msingi wa kisiasa, lakini ina msingi wa kiimani pia. Uovu ukishapewa sura ya kabila moja, chuki huliacha tendo ikamwangukia mtu, naye mwenye kuchukia hujiona amesalimika.

Historia ya Frere Town yenyewe inaukanusha usalama huo. Mwaka 1881 ulifanywa uchunguzi kuhusu adhabu kali za viboko chini ya msimamizi wa makazi hayo, Streeter. Waliookolewa na mjeledi wa bwana mmoja waliukuta mwingine kivulini mwa kanisa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: utumwa wa wengine ulichukiwa, bali ukatili wa nyumbani ukaitwa nidhamu.

Kisa cha watoro kina ugumu wa namna nyingine. Mwaka 1888 watoro zaidi ya 1,400 walibainika kuwa wamehifadhiwa katika vituo vya misheni, hasa Rabai. George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company aliafikiana na mabwana zao walipwe fidia, na watoro wakapewa vyeti vya uhuru tarehe 1 Januari 1889. Yamkini mwenye msimamo mkali atasema kwamba kulipa ni kukiri kuwa mtu ni mali. Hoja hiyo ni nzito, kwani utumwa wenyewe ulibaki halali katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Hata hivyo, kukataa kulipa kungaliulinda usafi wa mkataaji kwa gharama ya mtoro.

Hapa ndipo upendo unapoiwekea chuki mpaka. Uovu huchukiwa kwa sababu unamdhuru mtu anayependwa na Mungu. Chuki isiyomkumbuka mtu huyo huishia kujipenda. Kwa hiyo Uhuru wa Watumwa haina budi kusomwa pamoja na uchunguzi wa 1881, ili msomaji aulize, kabla ya kumhukumu bwana wa watumwa, ni nani aliyeshika kiboko Kisauni.