Dinari Mbili za Msamaria



Katika Luka 10 twasoma kwamba Msamaria hakuishia kumhurumia majeruhi. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi arudipo. Matunzo yalikuwa na gharama, lakini mgonjwa hakudaiwa kitu.

Hapa Tanzania, hospitali za serikali zilianza kutoza uchangiaji mwaka 1993. Dawa hununuliwa, na wauguzi wana watoto wa kulisha. Lakini ugonjwa haungoji mavuno. Ndiyo maana mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa Igunga: kaya ilipe mara moja kwa mwaka, ingali na afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 yakusudia kutufikisha sote huko.

Wengine wetu husema, "Mwaka huu sikuugua, fedha yangu imepotea." Haikupotea, ndugu, imemtibu jirani. Msamaria naye hakutibiwa kwa dinari zake.

Basi tulipe mapema. Na katika kila mtaa tumtafute mjane asiyeweza, tumlipie. Bwana atupe moyo huo. Amina.