Kisu cha mfukoni: Je, nia njema inatosha?

Kuna masuala ambayo mtu huyaona madogo mpaka siku yanapomgusa mwenyewe. Kwangu mimi, suala la kubeba kisu mfukoni kila siku lilikuwa moja ya masuala hayo. Nimeamua kuliandika ingawa halinipambi, kwa sababu nawaona vijana wengi, na wazee pia, wanatembea na visu hivi vya kukunja vilivyojaa madukani na minadani, na sijasikia jambo hili likizungumzwa msikitini wala barazani.

Mpwa wangu alipokuja likizo hapa Shighatini kutoka Dar es Salaam aliniletea zawadi. Akaniambia, "Mjomba, wewe ni mtu wa shamba na mtu wa kutengeneza vitu mwenyewe. Hiki kitakufaa." Kilikuwa kisu kidogo cha chuma, kikikunjwa hakizidi urefu wa kidole cha kati. Ukikifungua upande mmoja unapata bapa lenye makali. Ukigeuza mpini kwa upande wa pili kinakuwa koleo, au plaizi kama mafundi wanavyoiita. Ndani yake mna bisibisi, kifungulia kopo na msumeno mfupi. Na bapa lile ukilifungua linajikaza lenyewe kwa kifungo, likalia "kach", likawa imara kama kisu kisichokunjwa.

Nilikaa nacho miezi kadhaa, kila siku, na nakipa haki yake. Nilikata nacho kamba za magunia ya maharage, nikapogoa vitawi vya kahawa, nikakaza skrubu za redio na kubana waya wa baiskeli uliolegea. Nilipokuwa juu shambani, mbali na nyumba, kiliniokoa na safari ya kurudi kuchukua kifaa. Kasoro zake ni za kawaida: makali yanaisha haraka, na msumeno ule haufai zaidi ya kijiti. Kwa kazi ndogondogo kinafaa, wala sina sababu ya kukisingizia.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo nawatahadharisha Waislamu wenzangu nayo. Katika vijiji vyetu tunaishi pamoja na jirani zetu Wakristo, na mara kwa mara jirani huja mlangoni akiwa na kuku wake, akaomba umchinjie ili wageni wake wote waweze kula. Mimi nilipoombwa nikatoa kisu changu cha mfukoni kwa haraka. Nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza, Mtume (S.A.W.) ametufundisha katika hadithi iliyopokewa na Muslim kwamba ihsani ni wajibu katika kila jambo hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake na ampunguzie mnyama taabu. Bapa fupi lililokata kamba na vijiti tangu asubuhi halijanolewa kwa ajili ya hilo. Kosa la pili ni la tohara. Damu ya kuchinja huingia ndani ya kiungo cha kisu cha kukunja, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mtu anakifuta juujuu, anakitia mfukoni, adhana inaadhiniwa, anaswali nacho. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wanashurutisha tohara ya mwili, nguo na kile alichokibeba mwenye kuswali. Basi kisu cha kuchinjia kikae nyumbani, kiwe kirefu, kikali na kisicho na kiungo.

Lakini hayo ni ya kifundi. Suala lenyewe lilinijia siku nyingine, kwenye mfereji wa maji.

Anayeijua milima ya Upare anajua kwamba maji huku yana utaratibu wake. Tuna ndiva, mabwawa madogo waliyotuachia wazee, maji hujikusanya humo usiku na mchana hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Zamu ya maji ikivunjwa, watu walioishi kwa salama miaka mingi wanaweza kutokeana maneno mazito. Siku hiyo nilikuta maji ya zamu yangu yamegeuzwa. Nilimfuata jirani yangu, mtu ambaye naswali naye safu moja. Nilisema, naye akasema. Sauti zikapanda, akanisogelea, nami nikasogea. Kisha nikasikia "kach".

Wallahi sikukusudia. Sikumbuki kutia mkono mfukoni. Nilichosikia ni ule mlio, na nilichoona ni kwamba jirani yangu hanitazami tena usoni, anautazama mkono wangu. Watu waliokuwa pale walinyamaza. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee mwenzangu, hicho ni cha kukatia nini?" Sikuwa na jibu. Nilikikunja, nikaondoka, na maji nikayaacha.

Jioni ile, katika swala ya Isha, alikwenda kusimama mwisho wa safu, mbali nami. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini.

Nilipokuwa naitafakari nafsi yangu, kitu cha kwanza nilichokishika ni hoja ambayo kila Muislamu anaijua: vitendo huhesabiwa kwa nia. Nilijiambia kwamba sikuwa na nia mbaya, kisu nilikibeba kwa ajili ya kazi, na chuma hakina kosa. Hata Qur'an katika Surat al-Hadid, aya ya 25, inakitaja chuma kwa ukali wake na kwa manufaa yake kwa watu, vyote pamoja. Na sisi wa kaskazini ya Upare ndio watu wa mwisho wa kukilaumu chuma. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza kwamba Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliotawala Ugweno kabla ya Wasuya kuushika utawala. Chuma cha milima hii kilitafutwa mpaka Uchagani. Wazee wetu walikijua chuma kama rafiki wa jembe kabla ya kuwa rafiki wa mkuki.

Hoja hiyo ilinituliza kwa usiku mmoja tu. Kesho yake nilirudi kwenye hadithi zinazozungumzia chuma chenye makali, nikakuta jambo ambalo sikulizingatia kabla. Hadithi hizo hazianzi na nia. Zinaanza na mkono.

Katika Bukhari na Muslim kuna katazo la Mtume (S.A.W.) la kumuelekezea ndugu silaha, na sababu iliyotolewa ni kwamba mtu hajui, huenda shetani akauteleza mkono wake. Hakusemwa mtu mwenye chuki hapo. Anasemwa mtu wa kawaida ambaye hajui mkono wake utafanya nini. Imepokewa pia kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Mwenye mishale huyo hakushukiwa nia yake, ila ameamrishwa azibe ncha. Na Abu Dawud amepokea kisa cha masahaba waliokuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenzake akaichukua kamba yake kwa mzaha, akashituka. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ikiwa kumshitua mtu kwa kamba, tena kwa mzaha, kumekatazwa, mimi niliyemshitua jirani yangu kwa chuma, katikati ya ugomvi, nitajitetea kwa nia gani?

Hapa ndipo penye funzo, ndugu msomaji. Nia ni kitu tunachokiweka asubuhi tukiwa watulivu. Hasira huja mchana bila kubisha hodi. Kati ya hizo mbili kuna mkono, na mkono hufanya kile ulichozoezwa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nauzoeza mkono wangu kuingia mfukoni na kufungua kisu kwa kidole gumba, mara kumi, mara ishirini kwa siku, bila kufikiri. Siku nilipohitaji kufikiri, mkono haukunisubiri. Tunasema kisu hiki kinageuka kuwa koleo au bisibisi. Pale mfereji ulipokuwa, kisu kilibaki kisu, aliyegeuka ni mimi.

Baadhi ya watu watasema: basi na panga tuliache, maana huku milimani nani asiyebeba panga? Hoja hii ina uzito, lakini panga haliko sawa na kisu hiki. Panga linaonekana. Linakwenda shamba na kurudi, na kila mtu anajua linakwenda wapi. Ukienda nalo harusini utaulizwa. Ndugu zetu wa Oman nao wana jambia lao, khanjar, ambalo ujuzi wa kulitengeneza na desturi zake viliingizwa na UNESCO mwaka 2022 katika orodha ya turathi za binadamu. Huvaliwa kiunoni mbele ya watu wote, ndani ya ala, kama pambo la heshima. Kinachoonekana na wote kinalindwa na macho ya wote. Kisu cha mfukoni hakina mlinzi isipokuwa mwenyewe, na mwenyewe akikasirika hana mlinzi.

Hata watunga sheria wamehangaika na jambo hili. Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 mahakama ya huko iliamua kwamba kisu cha kukunja ambacho bapa lake linajikaza kwa kifungo hakiingii katika ruhusa hiyo, kwa kuwa kikishajikaza ni sawa na kisu kisichokunjwa. Mlio ule ule wa "kach" ndio unaotenganisha hukumu mbili. Na hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji anayebeba silaha hadharani bila sababu halali kwa namna inayotia watu hofu.

Wengine watasema: dunia imeharibika, vibaka wapo, na Uislamu umeruhusu mtu kuitetea nafsi na mali yake, hata anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Ni kweli, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini haki ya kujitetea siku ya shari ni jambo moja, na kutembea kila siku umejiandaa kwa shari ni jambo jingine. Anayebeba kisu kwa kuogopa vibaka hukutana na kibaka labda mara moja katika umri wake, au asikutane naye kabisa. Jirani, ndugu na mke anakutana nao kila siku, na hao ndio anaokasirikiana nao.

Tukumbuke pia kisa cha watoto wawili wa Adam katika Surat al-Maida. Yule aliyesifiwa alimwambia nduguye kwamba hata akinyooshewa mkono auawe, yeye hatamnyooshea wake. Na hapa nyumbani, mwaka 1945, wazee wetu waliikataa kodi iliyojulikana kama mbiru. Maelfu waliteremka kutoka milimani mpaka Same, wakakaa mbele ya ofisi ya serikali ya kikoloni kwa amani. Kodi ile baadaye iliondolewa. Wale walikuwa wajukuu wa wahunzi, lakini silaha yao siku zile ilikuwa ni subira.

Je, kisu hiki ni haramu? Mimi si mufti, na sioni dalili ya kukiharamisha. Zana ni zana, na mwenye kazi nayo aitumie. Ninachosema ni kwamba tunavipima visu hivi kwa kipimo pungufu. Muuzaji anasifu kwamba kinafunguka kwa mkono mmoja, kwa kufumba na kufumbua. Mimi baada ya yaliyonifika naiona sifa hiyo kuwa ndiyo kasoro yake kubwa. Kisu kizuri cha kubeba ni kile kinachohitaji mikono miwili na ukucha kukifungua, kinachokuchelewesha. Katika kuchelewa kule mtu anapata nafasi ya kusema "A'udhu billahi". Na kukunja kwenyewe kuna adabu ndani yake, maana imepokewa pia kutoka kwa Jabir katazo la kupokezana upanga uliochomolewa. Basi kisu kikabidhiwe kwa mwenzako kimekunjwa.

Zawadi ya mpwa wangu sikuitupa. Nimeiweka katika kikapu cha shamba, pamoja na panga na tupa, inakwenda na kurudi navyo. Mfukoni haimo. Kwa wiki kadhaa mkono wangu uliendelea kuitafuta, jambo lililonionyesha jinsi mazoea yalivyokuwa yamezama.

Jirani yangu nilimwendea nyumbani kwake kumuomba radhi. Alinipokea, akanikaribisha chai, akasema yamekwisha. Namuamini. Lakini mpaka leo tukizungumza, nikitia mkono mfukoni kutafuta leso, naona macho yake yanateremka kuufuata. Nia yangu Mwenyezi Mungu anaijua. Jirani yangu anaujua mkono wangu tu, na deni hilo ni langu kulilipa polepole, maisha yakinibakia.

Wabillahi tawfiq.