Kilichomo Ndani ya Bilauri

Watu wengi siku hizi hukusanyika nyumbani kwa mtu kutazama mpira kwenye televisheni, na imeanza kuwa desturi kwa mwenyeji kuwatangulizia wageni kinywaji chepesi kabla filimbi haijapigwa. Si bia ya chupa, bali kinywaji cha kuchanganya: pombe kidogo, sharubati nyingi na barafu. Wenye baa hukiita kokteli. Desturi hii naiona njema kuliko ile ya kuweka kreti la bia katikati ya sebule, wala sina nia ya kuipiga vita. Ila ndani yake limo swali ambalo nathubutu kusema ni la maadili sawa na lolote tulilojadili chuo cha ualimu: ni nani mwenye haki ya kujua kilichomo ndani ya bilauri?

Tazama kwanza jina lenyewe. Ukienda kwenye kibanda cha juisi mjini na kuagiza kokteli, utapewa embe, parachichi na pasheni, kitu ambacho mtoto wa chekechea hunywa akalala salama. Ukiagiza kokteli hotelini utapewa kitu kingine kabisa. Jirani zetu wa Kenya wana kinywaji kilichopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi: vodka, asali, ndimu na barafu, pamoja na kijiti cha kukorogea asali. Kinaitwa “dawa”. Mtu mwenye mafua akiambiwa nyumbani kwa rafiki, “Chukua dawa hii,” ataelewa nini? Majina haya ni ya utani, na utani ni mwenzetu wa siku nyingi. Lakini utani huhitaji watu wawili wanaojua.

Nilifundisha hesabu kabla sijawa mwalimu mkuu, kwa hiyo msomaji anivumilie kidogo. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye kilevi cha asilimia 5, ina mililita 25 za kilevi halisi. Toti moja ya Konyagi, yaani mililita 30 kwa asilimia 35, ina mililita 10.5. Basi bilauri ya sharubati ya ukwaju iliyotiwa toti moja haifiki hata nusu ya chupa ya bia, na inastahili kuitwa kinywaji chepesi. Lakini mwenyeji mchangamfu hapimi. Humimina kwa jicho, huku anazungumza. Akimimina toti tatu, bilauri ile imebeba mililita 31.5, yaani imeipita bia, na rangi yake ni ile ile ya ukwaju. Mwili wa mtu mzima, kwa wastani, huondoa takriban mililita 10 kwa saa, wala hauharakishwi kwa kahawa au maji baridi.

Tena ulimi si shahidi wa kutegemewa hapa. Sukari, tangawizi na barafu huficha ukali wa pombe. Hiyo ndiyo kazi yake katika mchanganyiko. Anayekunywa bia husoma kibandiko cha chupa. Katika kinywaji cha kuchanganya, kibandiko pekee ni neno la mwenyeji.

Mwaka 2019 Taifa Stars walirudi kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Mechi yetu na Kenya, iliyochezwa Cairo tarehe 27 Juni, ilianza saa tano usiku kwa saa zetu. Wageni katika nyumba moja niliyoalikwa walianza kufika saa mbili. Saa tatu za kungoja ni nyingi, na jagi la mwenyeji lilizunguka bila kupumzika. Miongoni mwetu alikuwapo mwalimu mwenzangu mstaafu aliyekuwa ameiacha pombe kwa miaka 11, na wote mle ndani tulilijua hilo. Akapewa bilauri, akaambiwa ni juisi ya rozela. Alikuwa amefika nusu alipotambua. Aliiweka mezani polepole sana, kama mtu anayeweka yai.

“Aa, Mwalimu, ni utani tu,” mwenyeji alisema. “Kidogo hivyo kitakufanya nini?”

Baadhi walicheka. Mwenzangu aliaga kwa adabu zote, nami nikamsindikiza mpaka barabarani. Hakusema kitu njiani isipokuwa kuniuliza saa. Mpira ule hakuuona. Tulifungwa 3–2 baada ya kutangulia mara mbili, na nilipomsimulia kesho yake alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Aliniambia tu kwamba usiku kucha hakulala. Hakuwa amelewa. Kilichomkesha ni kwamba ulimi wake ulikuwa umefurahi.

Mwenyeji yule si mtu mbaya, na hoja yake ya “kidogo tu” si ya kupuuzwa. Kiasi kile pengine kisingemdhuru mtu mwingine. Lakini kosa halikuwa katika kiasi. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anataja kwamba mtu aliyetenda kosa akiwa amelewa aliadhibiwa mara mbili, kwa kuwa chanzo kilikuwa ndani yake: alikuwa na uwezo wa kutokunywa mpaka alewe. Sasa ukiugeuza upande wa pili, mtu asiyejua anachokunywa ameondolewa uwezo huo. Uamuzi wake wa miaka 11 uliamuliwa upya na mtu mwingine, jikoni, akiwa na jagi mkononi. Hata kama angekunywa kijiko kimoja, bado angekuwa amenyang’anywa kitu.

Wagiriki hao hao walichanganya mvinyo na maji katika chombo kikubwa ambacho wageni walikiona. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Karamu, wageni, wakiwa bado na uchovu wa ulevi wa siku iliyotangulia, wanakubaliana kwanza kwamba asilazimishwe mtu. Kila mmoja anywe apendavyo. Baada ya hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Nyumbani kwangu hufanya hivi. Jagi ni la sharubati peke yake: ukwaju au nanasi, tangawizi iliyotwangwa, ndimu na barafu nyingi. Chupa ya pombe hukaa pembeni na kipimo chake cha mililita 30, na atakaye hujimiminia. Bilauri ni za aina moja. Kwa njia hiyo Mwislamu, mlokole, mwenye dawa za shinikizo la damu na anayependa toti yake wote hukaa kochi moja, na hakuna anayeulizwa, “Mbona wewe hunywi?” Swali hilo limewavunja watu wengi kuliko kiu.

Binti yangu, ambaye ni mkali wa hoja kuniliko, aliwahi kunibana. “Baba, unalaumu kuficha, na wewe unaficha. Hizo bilauri zinazofanana si uongo vilevile?” Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba zipo siri mbili. Kunywa au kutokunywa kwa mgeni ni siri yake, na mimi kumsaidia kuihifadhi si kumdanganya mtu. Hakuna katika wageni wengine anayedhurika kwa kutoijua. Kilichomo ndani ya bilauri ninayompa ni habari inayomhusu yeye, itakayoingia tumboni mwake. Siwezi kuiita siri yangu. Binti yangu alikubali nusu, na kwake nusu ni nyingi.

Limebaki jambo la mgeni anayejimiminia toti ya nne, akijua vizuri kabisa anachofanya. Kwa hoja zangu mwenyewe ningepaswa kumwacha. Simwachi. Humwita pembeni, nikamwambia, “Ndugu yangu, chupa nimeifunga,” na ufunguo wa pikipiki yake hulala kwangu. Godoro lipo, na chai hutengwa saa moja asubuhi.