Kibarua na Khofu ya Kesho

Husemwa na baadhi ya watu kwamba riziki i mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Basi kibarua asiyejua kama kesho ataitwa kazini hana la kulalamika, na atawakali. Neno la mwanzo ni la haki, wala hapana Muislamu alipingaye. Lakini lililojengwa juu yake ni batili.

Jua kwamba kutoijua kesho ni kwa namna mbili. Ya kwanza ameiweka Mola: mkulima wa pamba wa Bunda hajui mvua itakuwaje, wala mvuvi wa Musoma hajui kitakachoingia wavuni. Hao hutawakali, na mwaka ukiwa mwema, neema yake ni yao. Ya pili huwekwa na mja juu ya mja mwenziwe, apate kumtwika hasara yake.

Viwanda vya minofu ya sangara vilisimama ufuoni Musoma katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipokataza samaki wa Ziwa Viktoria, kazi ilipungua viwandani. Katika shida kama hiyo, wa kwanza kurudishwa nyumbani aghlabu ni kibarua. Hakuwa na fungu katika faida. Mbona apewe fungu katika hasara? Kanuni ya fiq'hi ni kwamba faida hufuata dhamana: alaye faida ndiye achukuaye hasara.

Tajiri atasema: "Hata mimi siijui kesho." Ni kweli. Wala kumwajiri mtu kwa siku moja si haramu, maadamu kazi yajulikana na ujira wajulikana. Lawama ni juu ya yule mwenye kazi isiyokoma, amwitaye mtu yule yule mwaka baada ya mwaka, na kila siku humhesabu mgeni ili asipate haki ya mwenyeji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ilivyotungwa mwaka 2004, iliweka kinga ya kuachishwa kazi pasipo haki kwa aliyetimiza miezi sita. Amwachishaye mtu mwezi wa tano kwa kuukimbia wa sita, huenda mbele ya kadhi akasalimika, kwani hukumu hufuata dhahiri; lakini dhambi ya hila imebaki shingoni mwake.

Tena wamwambiao kibarua atawakali hawaoni kwamba khofu hii huiharibu tawakali yenyewe. Kijana atokaye Butiama kutafuta kazi mjini, akijua kwamba jina lake laweza kurukwa asubuhi, humwogopa mnyapara kuliko amwogopavyo Mola wake. Akipunjwa, hunyamaza, akiona dhuluma, hutazama chini.

Basi mwenye mali na aubainishe muda wa kazi, na kazi ikikaribia kwisha, aseme mapema. Naye mfanya kazi na aitimize amana yake. Asiyeweza kumdhaminia mwenziwe kesho, angalau asiifanye kesho hiyo fimbo ya kumchungia.

Wallahu aalam.