Mgeni Asipokuja

Katika darasa letu liliulizwa swali hili: Mwenye hoteli auzaye raha na afya kwa wageni, ana wajibu gani kwa watumishi wake siku ambayo wageni hawaji?

Swali hili si la dhana tupu. Mwezi wa Machi 2020 safari za ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2 mwaka 2019. Lakini mwaka 2020 wageni hawakufika laki 6. Kutoka Diani hata Watamu milango ilifungwa. Mpishi, mtandika vitanda, na mwanamke aliyekuwa akiwachua wageni kwa mafuta, walirudi makwao. Wengine kwa nusu mshahara, wengine mikono mitupu.

Sasa wageni wamerudi, na wanaloliulizia ni siha: maji ya moto, kuchuliwa, kusingwa, na hewa safi. Hapana aibu katika hilo. Mwili ni amana, na usafi ni mlango wa ibada. Kwa hivyo hatuwaungi mkono ndugu wasemao kuwa majumba hayo yote ni upuuzi, heri yafe. Ulevi na kukaa uchi na vikatazwe. Lakini kuoga na kupumzika si haramu, na riziki za watu wengi zimo humo.

Wengine husema: Maradhi ni kadari ya Mwenyezi Mungu; mwenye hoteli ana kosa gani? Jawabu ni kwamba hakuyaleta yeye, kweli. Lakini Nabii Yusuf (A.S.) naye hakuweza kuizuia miaka 7 ya njaa, aliloweza ni kuweka akiba katika miaka 7 ya neema. Kadari haimwondolei mtu wajibu. Hataulizwa kwa nini maradhi yalikuja. Ataulizwa alifanya nini na pato lake kabla hayajaja.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Mjini Istanbul ipo hamamu ya Çemberlitaş, iliyojengwa mwaka 1584 kwa wakfu wa Nurbanu Sultan, mama yake Sultan Murad wa Tatu. Pato lake lilitengwa kwa wakfu wake wa Üsküdar, wenye msikiti, madrasa, hospitali, na jiko la kuwalisha maskini. Tajiri alikoga, na maskini akala.

Hapa ndipo penye kiini cha swali. Mgeni alipaye hupewa alichokinunua: hiyo ni biashara, nayo ni halali. Ukarimu ni kile apewacho asiyeweza kulipa. Basi siku ambayo vyumba ni vitupu, mtumishi aliyesimama mlangoni ndiye mgeni wa mwenye nyumba.

Enyi ndugu wenye nyumba za wageni Lamu, Malindi na Mombasa! Miongoni mwa waliowaacha watumishi wao mwaka ule wamo wanaosali katika safu zetu. Tengeni fungu kila msimu wa neema, liandikwe katika mkataba, liwe haki ya mtumishi wala si hisani ya kuombwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza amana kabla ya kudaiwa. Amin.