"Mungu Ajua": Je, Neno Hili Latosha?

Mtu akifa nyumbani, jamaa zake humwosha, humzika, hukaa matanga, kisha hurudia kazi zao wakiwa na huzuni iliyo na mahali pake. Lakini askari akienda vitani asirudi, wala maiti yake isionekane, wala jina lake lisipatikane katika hesabu ya mateka, huwaacha watu wake njia panda. Mkewe si mjane wala si mwenye mume. Mamaye hawezi kuanza matanga, wala hawezi kuyamaliza. Na sisi tulio na kazi ya kufariji mara nyingi twawaambia, "Mwacheni, Mungu ajua aliko." Neno hili ni la kweli. Lakini twauliza: je, latosha? Au liko deni juu ya walio hai, la kutafuta mpaka wajue?

Na tutazame kwanza habari za baba mmoja. Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza, alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, jina lake John. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kijana huyu alikataliwa jeshini kwa kuwa macho yake hayakuona vema. Baba yake akamwendea rafiki yake, mkuu wa vita Lord Roberts, na kwa msaada wake John akapata kuwa afisa katika kikosi cha Irish Guards. Tarehe 27 Septemba 1915, katika mapigano ya Loos huko Ufaransa, akapotea. Alikuwa ametimiza miaka 18 yapata majuma sita tu.

Hapakuwa na mtu wa kusema kwa hakika kama amekufa au ametekwa. Ndipo wazazi wakaanza kazi nzito ya kuuliza. Waliwatafuta askari wa kikosi kile waliojeruhiwa, wakawauliza walimwona wapi mara ya mwisho, na hali yake ilikuwaje. Siku zile Msalaba Mwekundu wa Waingereza ulikuwa na watu waliozunguka katika hospitali na orodha za waliopotea mikononi, wakiandika ushuhuda wa kila mtu na kuulinganisha na wa mwenziwe. Maana shahidi mmoja aweza kukosea uso au siku. Lakini watu watatu wasiopatana kwanza wakisema jambo moja, neno lao lina uzito.

Hata hivyo Kipling alikufa mwaka 1936 asijue kaburi la mwanawe. Mwaka 1992 Tume ya Makaburi ya Vita ikatangaza kwamba kaburi la luteni mmoja wa Irish Guards, lililokuwa halina jina, ndilo la John. Wako waliobisha, na hoja zikapimwa tena. Lakini lililo kubwa kwetu ni hili: miaka 77 baada ya kijana yule kupotea, walikuwako watu waliokuwa wakifungua karatasi za kale kwa ajili yake.

Kipling mwenyewe aliitumikia Tume ile, na ndiye aliyechagua maneno ya kuandikwa juu ya mawe ya askari wasiojulikana, ya kwamba wanajulikana na Mungu. Angalieni ni mtu gani aliyesema hivyo. Ni baba aliyekwisha kuuliza, akaandika barua, akangoja, akakosa. Kwake neno lile lilikuwa mwisho wa kutafuta.

Sasa na tugeukie kwetu. Mtu huyo huyo ndiye aliyetunga maneno ya Kiingereza yaliyo chini ya Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Yanawakumbuka askari na wapagazi, nayo yaahidi kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imeandikwa kwa Kiswahili pia. Lakini majina yenyewe yako wapi? Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimeitwa kwa jina la Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi. Watu hao walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi, na makaburi yao mengi yaliachwa yawe pori. Mwaka 2021 Tume ile ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa katika utumishi wa vita ile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Juu ya hao ni kana kwamba "Mungu ajua" lilisemwa kabla mtu hajainuka kitini kutafuta. Neno likisemwa hivyo si imani tena, ni kisingizio.

Pengine mtu atasema, "Waliokufa wamekwisha kufa, ya nini kufukua kidonda?" Twajibu: kidonda kilichofunikwa si kidonda kilichopona. Rispa binti Aya alikesha penye maiti za wanawe, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku, hata mfalme Daudi akasikia, akaikusanya mifupa ikazikwa. Tena, tukisema kumtafuta mwana wa tajiri ni wajibu, na kumtafuta mpagazi ni gharama, tumekwisha kuweka nafsi mbili katika mizani, tukaipunja moja. Wala deni hili si la kupata. Ni la kutafuta. Atafutaye kwa uaminifu akakosa, amelilipa.

Katika jamaa zetu bado wako wazee waliosimuliwa na baba zao habari za mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani au ya Waingereza, asirudi. Waulizeni, ninyi wasomaji, na hasa ninyi waalimu wa vijijini: jina lake nani, alitoka kijiji gani, alipita njia ipi, nani alimwona mwisho? Andikeni kama mlivyosikia, wala msizibe pengo kwa kubuni. Aliyeambiwa "hakuonekana tena" asiandike "alikufa." Kisha, mkiisha kuuliza na njia ikikoma, semeni kwa moyo mweupe, "Mungu ajua."